Kofia, mwavuli, shati au losheni: jua la Kisumu ulikinge na nini?

Nauza mitumba soko la Kibuye hapa Kisumu, mashati ya mikono mirefu na kofia, mwaka wa tisa huu. Wateja huuliza bei, huuliza kama rangi itachuja, huvuta kola waone imechakaa kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama shati linazuia jua, mpaka Jumapili moja mama aliyetoka Ahero aliposimama mbele ya meza yangu, amemshika mkono bintiye wa miaka sita mwenye ualbino. Mtoto alikuwa kwenye sweta katika joto lile, na kepu iliyoyaacha masikio wazi, mekundu. Mama akafungua fundo la leso, akatoa noti mbili za elfu.

"Dada, hizi ndizo nilizo nazo. Losheni ya jua kwenye duka la dawa ni elfu moja na mia nane. Ninunue hiyo ama ninunue nguo?"

Nikamwambia anunue nguo. Ulitaka niseme nini? Muuza nguo husifu nguo. Akachukua mashati mawili kwa mia tatu, akaenda zake. Usiku usingizi ukakataa. Je, kama nimempoteza mtoto wa watu kwa sababu ya mia tatu? Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza wanaojua, na bidhaa zangu nazitazama kwa jicho jingine. Huu ndio ulinganisho ambao ningempa mama yule kama ningekuwa nao siku ile. Ukiona naegemea upande wa nguo, sababu unaijua.

Jua lenyewe kwanza

Watu huchanganya joto na mionzi. Joto unalihisi. Mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye chupa, haihisiki mpaka imeshafanya kazi yake. Ndiyo maana asubuhi ya baridi ya Eldoret hudanganya. Mji ule umepita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita elfu moja mionzi huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Nakuru nako ni juu, karibu mita 1,850. Anayetetemeka ndani ya sweta kule huenda anapigwa na UV kumshinda anayetokwa na jasho kandokando ya ziwa.

Si kwamba sisi wa chini tumepona. Kisumu iko mita 1,131 hivi, na mstari wa ikweta umepita Maseno, hapo jirani tu. Machi na Septemba jua hupita utosini. Kwenye kipimo cha ukali wa UV cha Shirika la Afya Duniani, ngazi ya juu kabisa huanzia 11, na adhuhuri ya mbingu safi hapa huifikia bila taabu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Saa tunazotumia ni moja na za watu wa pwani, ilhali sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo jua letu halifiki kileleni saa sita kamili. Hufika karibu saa saba kasorobo, mwezi huu na ule zikitofautiana kidogo. Anayejificha saa sita akatoka saa saba akidhani kali imepita, amejitoa mwenyewe.

Kipimo cha bure ni kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni la kukingwa. Kwetu ni tangu saa nne kasoro asubuhi hadi saa kumi kasoro alasiri. Wingu jepesi usilitegemee; huweza kupitisha hata asilimia 80 ya mionzi.

Kwa ufupi, kando kwa kando

Bei ni za meza yangu na za mjini, nazo hupanda na kushuka.

| Kitu | Bei (Sh) | Uzuri wake | Udhaifu wake |
|---|---|---|---|
| Shati zito, mikono mirefu | 100–250 | Hukinga kutwa nzima, halirudiwi | Uso, shingo na viganja hubaki nje |
| Kofia ya ukingo mpana | 100–200 | Masikio, shingo, macho kwa kiasi | Upepo, na mionzi ya pembeni |
| Mwavuli mweusi | 350–500 | Kichwa hadi mabega | Unamaliza mkono mmoja |
| Losheni namba 30 (namba ya kinga, SPF) au zaidi | 1,000 kwenda juu | Hufika pasipofika nguo | Huisha upesi, hutoka na jasho |
| Miwani ya jua | 200 hadi maelfu | Macho | Feki ni nyingi |
| Kivuli cha mwembe au mabati | Bure | Chanzo chenyewe kinakatwa | Lazima utulie hapo |

Shati si shati

Hapa ndipo ninapojua, mniruhusu nikae kidogo. Fulana nyeupe ya pamba nyepesi, ile kila mtu huikimbilia wakati wa joto, ni kinga hafifu. Mara nyingi huruhusu sehemu moja kati ya tano hadi saba ya mionzi kupita, na ikilowa jasho au maji hupitisha zaidi. Jinzi, kwa upande wake, ni ukuta. Kati ya hizo mbili kuna dunia nzima ya mashati, na hayana namba shingoni kama chupa ya losheni. Lazima uyasome kwa macho na vidole.

Ninavyofanya mimi: nainua shati dhidi ya anga, si dhidi ya jua lenyewe, halafu naweka mkono nyuma yake. Nikihesabu vidole vyangu, UV pia imeviona. Mfumo uliobana hushinda mfumo mlegevu, rangi iliyokolea hushinda iliyopauka, na polista huzuia vizuri kuliko pamba ya unene uleule. Shati la kazi la mchanganyiko wa pamba na polista, bluu ya giza, ndilo ninalompa mtu wa shambani. Usinunue linalokubana. Kitambaa kikivutika, matundu hufunguka, na shati pana pia huingiza hewa. Fagia, zile nguo za mwisho wa robota zilizofuliwa mpaka zikabaki utando, hata ukiuziwa kwa shilingi ishirini ni hasara kwa kazi hii. Kamera, yaani nguo bora za juu ya robota, ya mia mbili itakutumikia miaka.

Watu hulalamika kwamba nguo nzito ni joto. Kweli, ni joto. Lakini wanawake wa samaki pale Dunga wanalo jibu lao la siku nyingi, leso iliyokunjwa mara mbili juu ya mabega. Tabaka mbili za kitambaa chepesi hukaribia tabaka moja nzito, na leso huondolewa kivulini.

Losheni: hesabu inayouma

Losheni si utapeli. Ni kitu kizuri kinachotumiwa vibaya kwa sababu ni ghali. Tuchukue chupa ya mililita 100. Mtu mzima akitaka kujipaka mwili mzima kama inavyotakiwa, huhitaji kama mililita 30 au zaidi kidogo. Yaani chupa imekwisha kwa kupaka mara tatu. Tuseme umejifunika na unapaka tu uso, shingo na mikono miwili: kijiko kimoja cha chai usoni na shingoni, kimoja kila mkono. Hiyo ni mililita 15, na inatakiwa irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Ukipaka mara tatu kwa siku, chupa ya elfu moja na mia nane haimalizi siku tatu.

Kwa hiyo watu hubana. Hupaka robo au nusu ya kipimo, na kinga inayobaki ni ndogo mno kuliko namba iliyochapishwa. Mtoto yule wa Ahero angepakwa doa puani na doa shavuni, mama aende shambani ameridhika, na masikio yaungue vilevile.

Ukinunua, namba 30 hupitisha kama sehemu tatu kwa mia za mionzi ya kuunguza, na namba 50 sehemu mbili. Tofauti hiyo si ya kuongezea mia tano. Cha maana zaidi ni maandishi kwamba inazuia aina zote mbili za mionzi, UVA pamoja na UVB, kwa sababu UVB ndiyo huunguza juujuu lakini UVA huzama ndani. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Usinunue chupa iliyoanikwa dirishani au kwenye mkokoteni, joto limeshaiharibu. Na jihadhari na zile zinazoahidi kukinga jua na "kung'arisha" kwa pamoja. Kujichubua ni kubomoa ukuta kisha kununua pazia.

Kwa mwenye ualbino hesabu ni nyingine. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa losheni bila malipo. Masharti ni kujisajili kwanza. Mama yule hakuwa amesikia habari hiyo, na nadhani hayuko peke yake.

Je, sisi weusi tunahitaji haya yote?

Jibu langu ni hapana na ndiyo. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ni kinga halisi. Watafiti waliopima waliona ngozi nyeusi inakinga kama losheni ya namba 13 hivi, na ngozi nyeupe kama namba 3. Saratani ya ngozi iletwayo na jua ni nadra kwetu, na melanoma, ile saratani ya ngozi iliyo kali, inapompata mtu mweusi mara nyingi huwa kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, mahali ambapo jua si mshtakiwa mkuu. Anayekutisha ununue losheni ya elfu mbili kila wiki anauza losheni.

Ila macho hayana rangi ya kuyakinga. Kile kinyama kinachoota upande wa pua kikitambaa kuelekea mboni, ambacho wavuvi na wapanda boda wengi wanacho, jua lina mkono ndani yake. Mtoto wa jicho pia. Na iko saratani ya utando wa juu wa jicho, ambayo Afrika Mashariki inaijua vizuri. Mionzi ya jua ni chanzo kimoja, na kwa mwenye virusi vya Ukimwi hatari huzidi. Doa jeupe au jekundu juu ya jicho linalokua halitibiwi kwa matone ya dukani. Peleka kliniki ya macho.

Basi kwa mweusi mwenye mia tatu, kofia na miwani hutangulia shati, na shati hutangulia losheni.

Kofia, mwavuli, kivuli

Kofia nitaimaliza haraka: ukingo uzunguke pande zote, usipungue sentimita saba na nusu, na usiwe wa kusukwa kwa matundu. Kepu ni ya mtindo, masikio na kisogo imeviacha. Anayeendesha boda habari yake ni kofia ngumu yenye kioo, na shati la mikono mirefu.

Mwavuli unadharauliwa bure. Ulipopimwa na wataalamu, mweusi wa kawaida ulizuia angalau asilimia 90 ya mionzi ya moja kwa moja. Udhaifu ni kwamba sehemu kubwa ya UV hutawanyika angani ikaja kwa pembeni, na mwavuli hauna kuta. Ndivyo ilivyo kwa kivuli. Mwembe mzito wenye majani hadi chini ni nyumba. Mjakaranda ni chujio. Ukikaa kivulini na bado unaona sehemu kubwa ya mbingu, umekingwa nusu.

Kioo cha gari, kwa wanaouliza, huzuia UVB karibu yote lakini kioo cha kawaida cha ubavuni huachia UVA nyingi. Mwaka 2012 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori aliyeendesha miaka 28. Upande wa uso uliokuwa dirishani ulikuwa umekunjamana kama wa mtu mwingine, mzee zaidi. Madereva wetu wa matatu dirisha liko kulia. Shati la mkono mrefu litawatosha.

Miwani: jaribio la noti

Miwani nyeusi isiyochuja UV inaweza kuwa mbaya kuliko kukaa bila, kwa kuwa giza huifungua mboni na mionzi ikaingia kwa mlango mpana. Weusi wa kioo hauonyeshi chochote. Lebo ya "UV400" ndiyo unayotaka, lakini lebo nayo huchapishwa na yeyote.

Nenda kwa ajenti wa M-Pesa mwenye kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti. Weka noti, uone alama zake zikiwaka. Sasa pitisha kioo cha miwani kati ya taa na noti, huku wewe ukiitazama noti kwa ubavu, si kupitia kioo. Alama zikizimika, kioo kinazuia mionzi ya taa ile. Zikiendelea kuwaka, rudisha miwani ulikoitoa. Si maabara, kitaa kile hutoa sehemu moja tu ya UV, lakini feki za kupindukia hujitaja zenyewe. Na usikitazame kitaa.

Kuna wanaolipa kuunguzwa

Binamu yangu ni muuguzi Leeds, Uingereza. Majira ya baridi aliniandikia: "Wenzangu kazini wanalipa kulala ndani ya kitanda cha taa wawe kama sisi." Nikamjibu kwamba huku dada zetu wanalipa mkorogo wawe kama wao. Tulicheka, kisha akauliza kwa dhati kama vitanda hivyo ni salama. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba taa ni salama kuliko jua kwa sababu hupimwa kwa dakika, na humpa mtu vitamini D.

Tuviweke kando kwa kando. Taa za kitanda kile hutoa UVA zaidi, na katika baadhi ya mashine ukali wake ni mara 10 hadi 15 ya jua la adhuhuri. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vitanda hivyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, safu moja na tumbaku na asbesto. Utafiti uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kwamba anayeanza kuvitumia kabla ya miaka 35 huongeza hatari ya melanoma kwa asilimia 59. Brazili ilivipiga marufuku mwaka huohuo, Australia ikafunga biashara hiyo baadaye, na Uingereza na Wales tangu 2011 haziruhusu walio chini ya miaka 18. Ule weusi wa kununua hukinga kama losheni ya namba 3 au 4 tu. Vitamini D iko kwenye kidonge.

Mtu mwenye ualbino aliye ng'ambo asikubali kabisa kuambiwa "jizoeshe kidogo kidogo". Ngozi isiyo na melanini ya kutosha haizoei. Huungua tu.

Huku kwetu taa ya UV tunayoilipia ni ile ndogo ya kukausha jeli ya kucha, hata inayoitwa ya LED. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani waliweka seli za binadamu chini yake, baadhi zikafa na nyingine zikabadilika chembe za urithi. Hizo ni seli kwenye chombo, si mikono ya watu, na mimi simtishi mtu wa harusi. Lakini kama unarudi saluni kila baada ya wiki mbili, rangi ya kawaida inayokauka kwa hewa ni chaguo jepesi. Au vaa glavu zilizokatwa ncha.

Na majirani zangu mafundi wa kuchomelea vyuma: cheche ile ni UV kali, nayo iliongezwa kwenye kundi lilelile la kwanza. Miwani ya jua haitoshi hata kidogo, na watoto wanaokusanyika kutazama ndio wanaoamka usiku macho kama yamejaa mchanga.

Yule binti wa Ahero

Mama alirudi baada ya mwezi. Safari hii nilikuwa na hesabu mkononi. Mashati mawili anayo. Kofia ya ukingo mpana ya mia moja hamsini, suruali ndefu mia moja hamsini, mwavuli mweusi mia nne. Jumla, pamoja na yale ya kwanza, elfu moja. Elfu iliyobaki nikamwambia aiweke: nauli ya kwenda kumsajili mtoto apate losheni ya bure ya uso na viganja, na malipo ya fundi wa nguo.

Fundi, kwa sababu sare ya shule ni ya mikono mifupi. Mwalimu mkuu alikubali iongezwe mikono ya kitambaa kilekile, lakini kofia akasema ivuliwe kwenye gwaride. Mama alikuwa na wasiwasi juu ya hilo. Nikamuuliza gwaride ni saa ngapi. Saa mbili asubuhi, kivuli cha mtoto bado kirefu kuliko yeye. Tukakubaliana hiyo avue. Michezo ya saa tano, tukaandika barua.